Buti Zilizotangulia Nyumbani

Montreal, 21 Septemba 1988

Mdogo wangu Panikpak,

Salamu hizi ukizipokea mgawie mwanangu Ruuti na mumewe Simioni, ila usimpe yule jirani aliyeazima chupa yangu ya chai akasahau kwamba ni ya kuazima. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu anayefuliwa damu kama soksi anavyoweza kuwa mzima. Figo zimegoma, mashine haijagoma, tunaendelea. Asubuhi gari linakuja, wananilaza, wananichomeka mirija, damu inatoka chafu inarudi safi, nami narudi kitandani nimechoka kama niliyemtoa sili mzima baharini nikamburuta juu ya barafu mbovu. Tofauti ni kwamba sili sina.

Nyumba ya wagonjwa wanaotoka kwetu kaskazini ni ile ile. Chakula ni kuku. Nilimwambia Alasi, yule binti wa kwetu anayetutafsiria, awaulize kama kuku wa wazungu hawaishi. Akasema, "Mzee, maliza huyo, kesho kuna samaki." Samaki akaja. Amekatwa kama kipande cha mbao, hana kichwa wala mkia wala mfupa, sikujua nianzie wapi kumwamini. Nilimla, kwa sababu Alasi alikuwa ananitazama.

Naandika kwa vile simu ni ya wenye masikio, na yangu niliyamaliza kwenye bunduki na injini za pikipiki za theluji. Shukuru mama alitufundisha herufi. Shule sikuikanyaga, lakini ninavyoona huku, waliokwenda shule nao wanahitaji kutafsiriwa.

Alasi amenipelekea mfuko wangu kwenye ndege ya mizigo. Ndani kuna koti la manyoya na zile buti za ngozi ya sili ulizonishonea. Huku ni joto na kabati ni dogo. Nitunzie.

Jambo la mwisho. Ruuti akijifungua kabla sijaandika tena, msiharakishe jina. Mtoto akikaa kidogo bila jina hatakufa. Nina sababu, nitaisema.

Kaka yako,
Kautaq


Mittimatalik, 14 Novemba 1988

Kaka,

Barua yako ya Septemba imefika leo. Ilishushwa kwanza kijiji kingine, wakaifungua, wakacheka habari za samaki, ndipo wakaona si yao. Simioni alipoileta nilikuwa nakwangua ngozi sakafuni. Nikaona mwandiko wako, kisu kikanitoka mkononi.

"Shangazi, una nini?" Ruuti akauliza.

"Miguu," nikasema. Kwa umri wangu hilo ni jibu la kila kitu.

Tumefurahi sana kwamba u hai. Nataka kusema, kwamba u mzima.

Mfuko ulifika zamani, kabla ya barua. Rubani aliuweka juu ya theluji pembeni ya uwanja akaondoka zake. Koti lipo. Buti zipo.

Ruuti amejifungua mwezi wa Oktoba. Ni msichana. Ana nywele nyingi, masikio makubwa kama ya ukoo wetu, na mikono mizito. Mwanzoni alilia sana na ziwa hakulitaka, kisha akanyamaza, na tangu hapo ananyonya kama analipwa. Ruuti naye amepona vizuri, ila analia akimtazama mtoto. Ni uzazi tu.

Usiwe na wasiwasi kuhusu vitu vyako. Bunduki iko kwa watu. Nyavu ziko kwa watu. Sledi ya kuburutia mizigo kwenye theluji nayo iko kwa watu. Vyote vinatunzwa.

Jua limeshatuaga mpaka Februari. Taa zinawaka mchana kutwa, na watu wanatembeleana kwa sababu hawana la kufanya. Kula hao kuku.

Mdogo wako,
Panikpak


Montreal, 2 Desemba 1988

Panikpak,

Umenipa nywele za mtoto. Umenipa masikio, mikono na hamu ya kula. Jina hukunipa. Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa kwetu akitangaza mtoto kwa masikio yake. Nilimsomea Alasi barua yako, akafikiri, akasema, "Labda bado hawajampa." Nikafurahi, nikajua mmenisubiri.

Basi sasa nitasema sababu. Nataka apewe langu.

Najua utasema aliyekufa ndiye hurudi na jina lake ndani ya mtoto, na jina haligawanywi mwenyewe angali analitumia. Sawa, ndiyo maana nilisema msubiri. Nimeshazungumza na daktari, kijana mmoja mwenye kalamu nyingi mfukoni na huruma nyingi usoni. Anasema mtu anaweza kuikataa mashine, hakuna polisi atakayekuja. Ukiikataa, anasema, haichukui muda. Nikamwuliza kama kuna maumivu. Akasema hapana, unakuwa unalala, unalala. Nikamwambia mbona hiyo ndiyo kazi ninayoifanya hapa tangu nije.

Mdogo wangu, sina huzuni. Nimechoka, basi. Huzuni inakuja na kuondoka, lakini kuchoka kumehamia kabisa, kuna kitanda chake. Nafuliwa ili nipate nguvu ya kwenda kufuliwa tena. Huko nyumbani kuna mtu mpya anayehitaji jina, na huku kuna jina linalokaa dirishani likitazama magari. Hata mtu asiyejua kuwinda anaona la kufanya.

Nitaacha baada ya Krismasi. Kabla ya hapo itakuwa ukosefu wa adabu, wameshatununulia zawadi. Nasikia mwaka huu ni soksi.

Mwambie Ruuti avumilie mpaka Januari. Nitakuja nyumbani, na nauli hamtalipa.

Kautaq


Mittimatalik, 13 Desemba 1988

Kaka yangu,

Natumaini Alasi alikufikishia maneno yangu. Nilikwenda dukani kupiga simu, watu wamejipanga nyuma yangu wanasikiliza huku wakijifanya wanachagua biskuti. Nikamwambia, "Mwambie Kautaq asiache, asubiri barua."

"Asiache nini, mama?"

"Yeye anajua."

"Na wewe huwezi kuniambia?"

Nikatazama nyuma, nikaona hakuna hata mmoja aliyekwisha kuchagua biskuti. "Mwambie hivyo hivyo," nikasema, nikakata.

Sasa nakuandikia ambacho sikuweza kukisema pale.

Unaukumbuka mfuko wa mama. Meli ya madaktari ilimchukua akikohoa, akatupungia mkono kama mtu anayekwenda kutazama mitego. Kiangazi kilichofuata meli ikarudi, ikashusha mfuko. Ndani mlikuwa na buti zake, zimekunjwa vizuri. Hakuna aliyetuambia neno. Baba alizitoa buti, akazitazama, akazirudisha, akatoka nje. Mpaka leo hatujui amelazwa ardhi gani. Buti ndizo zilizotuambia.

Sasa wewe ndege inashusha mfuko wako peke yake, bila barua. Naufungua, nakuta buti, zimekunjwa vizuri. Niambie, kaka, wewe ungeelewa nini?

Tulisubiri sanduku kwa ndege iliyofuata. Halikuja. Tukasema wamekuzika huko huko, kama mama. Ningeweza kupiga simu, najua, usiniambie. Lakini kupiga simu ni lazima utamke jina la marehemu, na nani angekuwa wa kwanza kulitamka wakati bado halijapata mtoto? Simioni alinisubiri mimi. Mimi nilimsubiri mchungaji. Mchungaji aliisubiri familia. Unawajua watu wetu, hakuna anayemwuliza mwenzake habari ambayo hajaamua kuisema. Tulikuwa na adabu sana. Tulikuwa na adabu mpaka ukafa.

Ruuti akashikwa uchungu akiwa bado analia kwa ajili yako. Mtoto akatoka na kelele, hataki ziwa, hataki maji, uso mwekundu. Wanawake wote mle ndani wakanitazama mimi. Nikainama, nikamwambia sikioni, "Kautaq." Akanyamaza hapo hapo. Akanikazia macho vile ulivyokuwa ukinikazia nikichelewesha chai. Ruuti akasema, "Baba," akamchukua, akamnyonyesha. Mimi nikamwita kaka, na ndivyo ninavyomwita mpaka sasa, nikimbadilisha nepi.

Kijiji kizima kilikuja kukushika mkono. Yule jirani wa chupa ya chai naye alikuja, akakushika kidole akasema, "Nitairudisha." Hajairudisha. Vitu vyako vingine vilikuwa vimeshagawiwa, na barua yako ilipofika nilianza kupita mlango kwa mlango kuvikusanya. Bunduki imerudi. Nyavu zimerudi na matundu ambayo hazikwenda nayo. Sledi anayo Simioni, anasema atakurudishia ukija, kwa sauti ya mtu anayetumaini utachelewa.

Kulivua jina hatuwezi. Jina si koti, na hata lingekuwa koti, hii ni Desemba. Nimewauliza wakubwa wawili. Mmoja alisema watu wawili hai hawakai ndani ya jina moja, lazima mmoja augue. Mwingine alisema huo ni upuuzi, yeye mwenyewe alikaa jina moja na mjomba wake miaka mingi na aliyekuwa akiugua ni mke wa mjomba. Wakabishana mpaka chai yangu ikaisha, wakaondoka.

Kwa hiyo nisikilize. Umetaka kuacha mashine ili mtoto apate jina. Analo. Huna haja ya kufa, kazi hiyo tumekwisha kuifanya bila wewe. Nilikuficha kwa sababu sikujua mtu anaambiwaje kwamba alililiwa, akarithiwa, na nafasi yake imejazwa, hali yeye anakula kuku. Kama umekasirika, andika. Kama huna la kusema, andika hivyo hivyo.

Panikpak


Montreal, 30 Januari 1989

Mdogo wangu,

Alasi alinifikishia simu yako. "Amesema usiache, usubiri barua," akaniambia, akasimama pale akisubiri nimweleze. Sikumweleza. Barua ikaja ndege zilipoanza tena baada ya sikukuu, nikiwa nimeshatia alama yangu kwenye karatasi ya kuikataa mashine, mahali daktari alipotaka. Alikuwa amesogeza kiti karibu na kuanza kunisemesha taratibu, kama watu wanavyosema na mbwa aliyenasa mtegoni. Nikamwambia nimeghairi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa urefu. Alasi alisikiliza, akakuna kichwa, akamwambia kwa ufupi, "Anasema ameshazaliwa."

Yule kijana akaandika. Kesho yake akaleta daktari mwingine, wa mambo ya akili, mwanamke mpole mwenye viatu visivyolia. Naye akaandika.

Sikukasirika. Nilikaa na barua yako mapajani, nikajihisi kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu, akafika mlangoni kwake, akasikia ndani watu wanakula na kucheka, na hakuna kiti kilicho wazi. Kisha nikafika pale pa jirani na chupa, nikacheka mpaka mirija ikacheza na mashine ikapiga kengele, muuguzi akaja mbio.

Sasa ni zamu yangu kufungua mfuko.

Si joto, na si kabati. Mwezi Agosti walinikata mguu wa kushoto, chini ya goti. Ulianza na kidonda cha kidole, kidogo tu, nikakidharau, wakakiona wamechelewa. Sikukuandikia kwa sababu ungeshona kitu, na sikuwa na mahali pa kukivaa. Buti zilikuwa chini ya kitanda, mbili, zimesimama, zinanisubiri nizivae. Kila asubuhi nilizikuta zinanisubiri. Nikashindwa. Nikamwambia Alasi, zifunge, zirudishe zilikotoka.

Mama sikumkumbuka kabisa. Ningemkumbuka, ningezitupa. Sasa nazifikiria zile zake, na nadhani ni yeye mwenyewe aliyezikunja. Wewe umelia juu ya buti zangu na kujilaumu kwamba mlielewa vibaya. Hamkuelewa vibaya. Mtu anayerudisha buti zake amekwisha kuaga, hata kama mdomo wake unasema habari za kabati. Mlichokosea ni kwamba mlinitangulia kidogo.

Na zile soksi za Krismasi zilikuja, mbili. Nimempa mzee wa kitanda cha pili moja, naye ana upungufu kama wangu upande ule mwingine. Tunakaa vizuri.

Basi nitaendelea kufuliwa. Usifikiri nimeipenda. Nimechoka vile vile, kitanda cha kuchoka bado kipo. Ila zamani nilikuwa nimechoka na sina ninachosubiri, na sasa kuna habari nazisubiri. Niandikie naendeleaje. Nimeota meno? Nalala usiku, au nawasumbua? Nani ananibeba mgongoni, Ruuti peke yake au na wewe unapata zamu? Msinipe kuku.

Na kama safari hii nimekuja mwanamke, nifundisheni kushona mapema. Maisha yaliyopita nilikuwa navaa tu.

Kautaq


Mittimatalik, 18 Juni 1989

Kaka,

Barua yako niliipata Februari, siku chache baada ya jua kurudi. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nashona na sikutaka maneno yafike kabla ya mzigo. Tumekwisha kuona kinachotokea vitu vikifika kwa mpangilio mbaya.

Habari ya mguu nimeisoma. Sitasema mengi. Nilishakulilia wote, kuanzia nywele mpaka kucha, kwa hiyo huo mguu nao ulikuwemo.

Unaendelea vizuri. Una meno mawili chini na unayatumia. Usiku hulali, lakini Juni hakuna anayelala, jua linazunguka tu juu ya paa na watoto wanacheza mpira nje saa ambazo Mungu mwenyewe amepumzika. Ruuti anakubeba, na mimi napata zamu. Wiki iliyopita ulinikojolea ndani ya koti, ukacheka. Nikakwambia, "Kaka, hata zamani hukuwa na haya." Unatambaa kwa kiwiko, upande upande, na sasa umeanza kujivuta kwenye kiti na kusimama. Juzi ulishika kisu changu cha kukwangulia. Ruuti akasema, "Baba, acha hicho," nawe ukaacha. Watu wazima tulitazamana. Maisha yaliyopita hukuwahi kuacha kitu ulichoambiwa uache.

Muuguzi mpya wa zahanati alinisikia nikikuita kaka. Akatazama nepi, akanitazama mimi. "Lakini huyu ni msichana," akasema.

"Ndiyo."

"Na ni kaka yako."

"Mkubwa," nikasema. "Ananizidi miaka saba."

Akaniuliza kama napata usingizi wa kutosha. Nikamwambia sipati, kaka yangu analia usiku. Sasa kila akiniona ananiletea vidonge.

Wakubwa wawili bado wanakutazama waone nani ataugua. Umepiga chafya mara moja mwezi Aprili, mmoja wao akaja mbio na furaha, lakini ilikuwa vumbi.

Usifikiri tumekusahau wewe wa huko kwa kuwa tuna wewe wa huku. Ruuti akikuvalisha anazungumza na wewe mambo ambayo najua anamwambia yule mwingine. Juzi alikwambia, "Ungeniambia kuhusu mguu, baba." Ukamtemea mate. Akakufuta.

Sasa mzigo. Nimezitoa zile buti nilipozificha. Sikuweza kuzirudisha zilivyo, na kuziacha zikae hapa zimekunjwa nilikataa. Nyumba hii imekwisha kutunza jozi moja namna hiyo. Ya kulia nimeibadilisha soli, nimeweka ngozi mpya, mshono haupitishi maji hata ukisimama ndani ya kijito, ingawa najua hapo ulipo maji yanatoka ukutani. Ya kushoto nimeifumua. Nilikaa nayo jioni nzima kabla ya kuikata, kisha nikaikata. Imetosha mbili ndogo, za wewe wa huku.

Hiyo ya kulia ndiyo ninayoituma. Na safari hii barua nimeiweka juu kabisa, na nje ya kifurushi Simioni ameandika kwa lugha yetu na kwa lugha yao: aliyetuma yuko hai, anayepokea yuko hai.

Panikpak


Montreal, 9 Septemba 1989

Panikpak,

Kifurushi kimefika, kimezunguka kidogo lakini kimefika. Alasi alikishika akasoma maandishi ya nje, akaniletea kwa mikono miwili kama aliyebeba supu. "Mzee," akasema, "huko kwenu mnaandikianaje?" Nikamwambia tumejifunza kuwa wazi.

Naivaa. Inanitosha kama ilivyonitosha siku ya kwanza. Inanuka nyumbani, mzee wa kitanda cha pili ameomba kuinusa mara kadhaa na nimemruhusu. Nakwenda nayo kwenye mashine, nalala nayo pale saa zote za kufuliwa, na wauguzi wamechoka kuniambia niivue. Uchovu upo. Nisikudanganye, leo hii kalamu ni nzito. Lakini tangu ule mwezi Agosti, hii ni mara ya kwanza nina mguu mmoja na buti moja, na hakuna kinachonisubiri chini ya kitanda.

Jana yule daktari wa akili alipita na viatu vyake visivyolia. Akaitazama buti, akavuta kiti, akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu, "Na nyingine iko wapi, mzee Kautaq?"

Alasi akanitafsiria, ingawa safari hii nilikuwa nimemwelewa.

Nikamwambia iko nyumbani, inajifunza kutembea.

Kaka yako,
Kautaq, yule mkubwa